Mwezi Ule Mbuzi Alipotumbukia Baharini

Dada Somoe,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti kabla ya kuiandika, nikiwa hapa barazani kwako, na kuku mmoja amegeuza shingo kunitazama kama anayeuliza huyu anaongea na nani. Barua zangu zote za nyuma alikusomea Hadija, kwa kuwa wewe hukupelekwa shule, nami nilikuwa nikiandika huku nikijua mtoto atakayesoma ni mwanao, kwa hiyo naficha hili, napamba lile. Hii hatakusomea mtu. Nitasema kama ilivyo.

Nina aibu, dada. Nimeibeba tangu wakati wa palizi na sasa ufuta umeanza kutoa maua. Nikitembea hapa Narung'ombe watu wananisalimia vizuri tu, "Baharia, habari za asubuhi," na mimi naitikia, lakini macho yangu yanakwenda chini yenyewe. Nataka ujue imeanzaje.

Tangu nirudi, watu walipenda nikae nao. Sabuni ni adimu siku hizi, na sukari, na mafuta ya taa. Likisikika kwamba lori limetoka Nachingwea na katoni za sabuni, kijiji kizima kinapanga foleni kwenye duka la kijiji tangu asubuhi, na lori huenda likafika jioni, au lisifike. Basi pale kwenye foleni wakawa wananiambia, "Baharia, hebu tupunguzie jua." Nami nawahadithia habari za visiwa vya ng'ambo nilikofanya kazi. Walikuwa wanacheka, dada, na wewe unanijua. Nikiona watu wanacheka siwezi kunyamaza. Tangu mtoto ulikuwa ukiniambia, "Saidi, ungezaliwa bubu ungekufa kwa kihoro."

Siku hiyo niliwapa hadithi ya mbuzi. Tulikuwa tumepakia mbuzi kwenye mashua kutoka kisiwa kidogo kiitwacho Kariaku, tunawapeleka kuuzwa Trinidadi. Beberu mmoja akatafuna kamba yake usiku kucha bila sisi kujua, na asubuhi akaruka baharini. Deni, mpishi wetu, akaruka nyuma yake na kofia kichwani. Akamshika pembe. Yule beberu badala ya kuzama akaanza kuogelea, na Deni akawa anaburutwa majini kama tela, anapiga kelele tumwokoe, hatujui tumwokoe nani kwanza. Beberu alifika ubavuni mwa mashua yeye mwenyewe. Deni ndiye tuliyemtupia kamba. Nikawaambia watu wa foleni jinsi nilivyocheka mpaka nikakaa chini, na Deni alivyotoka majini akitiririka, akanionyesha kidole: "Wewe uliyefunga, hivi kucheka namna hiyo hakubatilishi saumu?"

Foleni yote ilikuwa inacheka. Wanawake wamejishika mbavu. Hadija alikuwa katikati ya foleni, ndoo yake mkononi. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu:

"Mjomba, huyo mbuzi alitumbukia Ramadhani gani?"

Nikajibu haraka, meno bado yako nje. "Ya mwaka juzi."

"Kumbe," akasema. Akatoka kwenye foleni. Akaiacha nafasi yake, siku ya sabuni, akaenda nyumbani na ndoo tupu.

Bi Mwanahawa, jirani yako, alikuwa mbele yangu. Aligeuka akanitazama, si kwa ukali. Akasema polepole, "Somoe alituacha Ramadhani hiyo, mwanangu."

Nilikuwa najua, dada. Nilikuwa nimeambiwa mwezi na mwaka siku ile ile niliyorudi. Lakini mambo hayo mawili sikuwahi kuyaweka pamoja. Kifo chako kilikuwa hapa, kwenye vumbi na miti ya korosho, na kicheko changu kilikuwa kule, kwenye maji, kama vile mwezi unaoandama kule si huu. Au labda nilijua na nikajizuia kujua. Hilo siwezi kuliapia.

Sasa nikueleze huo mwezi. Hadija aliwahi kukwambia niliko, kwa barua ile moja iliyofika, lakini ile barua ilisema tu, "Nipo salama, nafanya kazi kwenye chombo kidogo." Haikusema zaidi.

Unakumbuka uliponisindikiza Nachingwea nikapande lori la Mtwara. Ulinikanya kuhusu maji, wewe ambaye maji mengi uliyowahi kuyaona ni ya mto Mbwemkuru. Nilipata meli, ile kubwa ya mizigo, nikazunguka nayo miaka. Halafu nikaugua homa ya matumbo katikati ya safari, wakanishusha Trinidadi hospitali, na meli haimngoji mgonjwa. Nilipopona nikajikuta bandarini na mfuko mmoja wa nguo, sina meli, sina ninayemjua. Barua zenu zikawa zinaendelea kwenda kwenye ofisi ya meli ile, mahali ambapo sikuwapo tena.

Pale bandarini ndipo aliponikuta Enosi. Mtu mrefu, mweusi kama sisi, mwenye mashua ya mbao aliyojengewa na baba yake. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akasema nchi hiyo haijui lakini sura yangu anaijua, nafanana na mtoto wa mjomba wake. Akaniambia, "Twende nikupumzishe kidogo, meli zipo siku zote." Nilikwenda kupumzika kidogo. Nilikaa miaka miwili.

Tulikuwa watu watatu. Enosi nahodha, Deni mpishi, na mimi. Tulikuwa tunakwenda kisiwa hadi kisiwa. Vitunguu, ndimu na mbuzi tunapeleka Trinidadi. Saruji, unga wa ngano na sabuni tunarudi navyo. Ndiyo, dada, sabuni, katoni kwa katoni, nazilalia. Visiwa vya kule vinaonana. Unaondoka kimoja, mlima wake haujazama nyuma yako, na mlima wa kingine umeshachomoza mbele.

Asubuhi yetu ilikuwa hivi. Deni anawasha mkaa kwenye sanduku la bati lililojazwa mchanga, nyuma ya mlingoti, anaupepea kwa kofia na kuimba nyimbo za kanisani kwa maneno ambayo si ya kanisani. Enosi yuko kwenye usukani na kikombe chake cha mchaichai. Mimi nachota maji yaliyopenya usiku chini ya mashua, debe kwa debe, namwaga nje. Kisha natawadha, nasali. Kujua kibla kulikuwa na taabu yake. Enosi alikuwa akinitazamia dira na kunionyesha kwa kidole, mashariki kule, nami najipanga. Lakini mashua ya tanga haiendi sawa, inageuzwa kutafuta upepo. Mara nyingi nilikuwa kwenye sijida nikasikia Deni anaita, "Saidi, inuka ugeuke! Makka imehama!"

Nilijifunza kushona tanga kwa sindano nene kama kidole. Nilijifunza kuogelea. Walinifunga kamba kiunoni wakanishusha kama ndoo kisimani, tukiwa tumetia nanga kwenye maji ya kijani ambayo unauona mchanga wa chini na kivuli cha mashua juu ya mchanga. Nililia siku ya kwanza. Mtu mzima. Walicheka, lakini Deni alikaa majini karibu yangu mpaka ngozi ya vidole vyake ikakunjamana. Alikuwa anajua jina lako. Wote wawili walilijua, kwa sababu kila nilipoogopa nilikutaja. Deni akatunga wimbo: "Somoe, Somoe, mdogo wako ni jiwe." Walikuwa wanauimba wakati wa kuvuta nanga.

Na chakula chetu cha siku zote, unajua kilikuwa nini? Mbaazi. Mbaazi hizi hizi. Siku ya kwanza Deni alipofunua sufuria nikaona mbaazi za nazi na wali, sikunyoosha mkono, wakadhani sikipendi chakula. Nilikuwa nakuona unapepeta.

Ilipoingia Ramadhani hiyo ya mwaka juzi, nilifunga. Sikuwaomba waniheshimu kwa lolote. Lakini Enosi akaacha kula mchana mbele yangu, akawa anasema tumbo linamsumbua, mwezi mzima. Jioni Deni anasimama mbele ya mashua anatazama jua, na likizama tu, anapiga sufuria kwa mwiko: "Saidi, kula!" Tunakula wote watatu kwenye sinia moja. Kisha tunacheza dhumna mpaka usingizi uje.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, dada, ulipokuwa unaugua.

Nilikuwa na raha. Lazima niiandike hivyo. Haikuwa raha ya pombe wala ya wanawake, hiyo ningejua namna ya kuitubia. Ilikuwa raha ya kuamka na watu wanaokupenda na kazi unayoiweza. Sikumdhulumu mtu. Na hapo ndipo aibu yangu inapokosa mlango. Mtu aliyeiba hurudisha, mtu aliyetukana huomba radhi. Mimi nitarudisha nini? Nitamwomba nani radhi kwa kuwa nilicheka mbuzi alipoogelea?

Kuna jingine ambalo sikulisema kwenye foleni na sikuwahi kumwambia mtu kabla ya Hadija.

Miezi kadhaa baada ya Ramadhani hiyo tulipumzika Kariaku, nyumbani kwa Enosi. Watu wa kule hufanya karamu ya marehemu wao, na wanaiita "saraka". Nilipolisikia nilimshika Enosi mkono nikamwambia hilo ni neno letu, sisi tunasema sadaka. Akacheka, akasema, "Basi mababu zetu walipishana njiani." Mchana huo walichinja, wakapika masufuria makubwa nje, ngoma zikapigwa. Ndani ya nyumba wakatandika meza kwa kitambaa cheupe, wakapanga sahani za marehemu, nyama, wali, mbaazi, glasi ya maji. Kila mtu anataja wake, kisha mlango unarudishwa ili marehemu wale kwa nafasi, na baadaye watoto ndio wanaokula chakula hicho.

Mama yake Enosi, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, alinishika bega akaniuliza, "Na wako ni akina nani, mwanangu? Wataje. Wasije wakasimama nje wenzao wakila."

Nikawataja baba na mama.

"Na nani mwingine?"

"Basi. Nina dada mmoja, na huyo yupo," nikasema. "Huyo ni mzima kama chuma. Anabeba gunia la muhogo toka shamba na mtoto mgongoni. Akikushika mkono utapiga yowe."

Watu wote pale mezani walicheka. Na mimi nilicheka, dada. Mlango ukafungwa.

Nilikuacha nje. Najua sisi dini yetu haituambii hivyo, najua marehemu hasimami mlangoni mwa watu asiowajua kungoja wali. Lakini nikifumba macho nakuona umesimama kwenye jua la ugenini, kanga umeifunga kifuani, na ndani mdogo wako anawaambia watu kwamba yupo, mzima.

Yule mama alikuwa na hekima yake. Karamu ilipokwisha akaniambia, "Mtu aliye hai haandaliwi sahani. Huendewa." Nikaona kweli. Mwezi huo huo nikawaaga. Enosi alinitafutia meli ya kwenda Ulaya, na huko nikapata nyingine, na nyingine, mpaka Mtwara. Deni alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nawaza nitakavyokutokea.

Nilikuwa nimeipanga hodi yangu. Nilishuka kwenye lori Ruangwa, nikapata mwenye baiskeli akanileta, na nilipoliona paa lako nikashuka nikatembea. Nikasimama uani nikabana pua, nikaita kwa sauti ya kizee, "Hodi! Kuna ubwabwa humu? Mgeni ana njaa!"

Akatoka Hadija. Nilimwacha mtoto wa shule, nikamkuta mwanamke. Akasema, "Mjomba." Akaupokea mfuko wangu, akauweka ndani, akatoa mkeka akautandika. Halafu yeye mwenyewe hakuketi mkekani. Aliketi chini kwenye udongo, akanyoosha miguu, akafunika kichwa. Mfiwa hukaa hivyo. Nilikuwa bado nimebana pua.

Bi Mwanahawa ndiye aliyenieleza mengine. Kwamba yalikuwa maumivu ya tumbo, na uliyaficha mpaka yakazidi. Kwamba lori halikupatikana, mafuta hayakuwapo, wakakupakia kwenye baiskeli, vijana wakipokezana kuisukuma mpaka Nachingwea, na Hadija akitembea ubavuni amekushika mgongo usianguke. Kwamba hospitali walijitahidi. Kwamba mlikuwa mmefunga, na wewe mgonjwa ulikataa kula mchana mpaka walipokulazimisha. Na akanieleza kwamba njiani mmoja wa vijana alinung'unika, ndugu mtu mwenyewe yuko wapi, na ukamkemea ukiwa juu ya baiskeli na pumzi huna: "Msiseme hivyo. Saidi yuko kazini. Mtu hatoki kazini kama anavyotoka msikitini."

Dada. Kazini.

Nilisikia hayo na bado, baada ya miezi, nilisimama kwenye foleni nikawahadithia watu habari za mbuzi. Hiki ndicho kinachonishusha macho.

Baada ya siku ile ya sabuni Hadija alikuwa ananiamkia, ananipikia, lakini hakuongea. Na wakati huo huo tukapata habari kwamba watu wa Lionja wanataka kuja kumposa. Kijana anaitwa Mohamedi, mkulima wa korosho, mpole, nimemwona. Kwa mila zetu unajua ni nani apokee. Baba yake Hadija amekufa zamani, na hata angekuwapo, mbele ya mkeka angekaa mjomba. Bi Mwanahawa akamuuliza, "Tuwaambie mjomba wako atawapokea lini?" Hadija akasema, nami niko nyuma ya ukuta wa jiko nasikia, "Wapokee wewe, bibi. Mimi na mama tulipomhitaji mtu, ulikuwapo wewe."

Kijijini jambo hilo halifichiki. Mjomba yupo, anaonekana kwa macho, na anarukwa. Nilifikiria kuondoka. Nakwambia ukweli. Nilikunja hata nguo zangu. Mtwara meli hazikosekani, na baharini hakuna anayemjua Somoe ila kwa wimbo.

Nikazikunjua. Asubuhi nikachukua jembe nikamfuata shambani bila kuitwa. Alikuwa anapalilia mahindi na mbaazi zako. Nikaanza mstari wa pembeni yake. Tulipalilia mpaka jua likapanda. Mwisho nikasema:

"Hadija, nataka kukwambia mwezi ule nilikuwa nafanya nini."

"Ulikuwa kazini," akasema, hajainua kichwa.

"Nilikuwa kazini. Lakini nilikuwa na furaha."

Hapo akasimama. "Furaha ya nini?"

Nikamweleza yote niliyokwandikia humu. Mbaazi, sufuria ya Deni, kamba kiunoni, Makka kuhama. Nikamweleza na meza, na jinsi nilivyokuacha nje. Nilidhani atanipiga jembe. Aliniuliza maswali madogo madogo. Huyo Enosi ana watoto? Jina la mama walilitamkaje? Nikamtamkia kama walivyotamka wao, "Somowi." Akalirudia kinywani, taratibu.

Kisha akasema, "Wewe unadhani nimekasirika kwa kuwa ulicheka."

"Ndiyo."

"Hapana, mjomba. Mimi nilicheka. Pale kwenye foleni, kabla sijakuuliza. Nilicheka kuliko wote, hukuniona. Tangu nimzike mama sikuwa nimecheka hivyo. Halafu nikasikia neno saumu, nikahesabu, nikaona kumbe nachekea mwezi ule." Alijifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Nilikasirika kwa kuwa ulinichekesha."

Mimi, wa kufa kwa kihoro nikinyamaza, sikuwa na hata neno moja. Nikamwona mtoto aliyetembea ubavuni mwa baiskeli akishika mgongo wa mama yake, amebeba aibu kama yangu, na aliibeba peke yake wiki zote hizo, nami nilidhani ni ya kwangu tu.

Akainama tena. Akapalilia hatua chache, akasema, "Mstari wako umeacha majani nyuma. Rudia." Nikarudia.

Watu wa Lionja walikuja Jumamosi iliyopita. Sikumwomba Hadija abadilishe neno lake. Mjomba mwingine angesusa, angekwenda kukaa kwa watu. Mimi nilichukua shoka nikapasua kuni pale uani, upande wa jiko, kwa kuwa kuni zilihitajika. Bi Mwanahawa alikaa mbele ya mkeka. Mshenga wao, mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, alizunguka na maneno yake kama ilivyo desturi, wamepita wameona ua, na kadhalika, kisha akatazama huku na huku akauliza, "Samahani, na mjomba wa binti tutamwona?"

Nilikuwa kifua wazi, jasho tupu, shoka mkononi.

Bi Mwanahawa akasema, "Mjomba ndiye huyo anayepasua kuni. Semeni tu, anasikia."

Wale wageni walinitazama, wakatazamana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini sikuondoka. Nikaweka kigogo kingine. Wakasema neno lao, wakamaliza, na sasa linangojwa jibu la nyumbani. Unajua kwetu jibu la posa halisemwi kwa mdomo. Wageni wakikaribishwa chakula, wamekubaliwa. Wakipewa maji tu, waende zao kwa amani. Bi Mwanahawa akageukia mlangoni aone kama sahani zinatoka au kata ya maji.

Sauti ya Hadija ikatoka ndani. Kila mtu aliisikia.

"Muulizeni mjomba kama wageni watakula."

Shoka lilinishinda, dada. Nililiegemeza kwenye kigogo. Wote wamenigeukia, mzee wa kanzu, Mohamedi ameinamisha kichwa, Bi Mwanahawa mdomo wazi. Nikataka kusema vizuri, kama mjomba. Nikakohoa. Nikasema, "Watakula."

Ni hilo tu nililosema siku nzima. Wamekula. Harusi itakuwa baada ya mavuno, Mungu akipenda.

Usidhani aibu imekwisha. Hadija bado hanitazami muda mrefu, na nikisikia watu wanacheka mahali natazama chini kwanza. Sijui kama itakwisha. Ninachokuahidi ni kwamba haitanifukuza. Nimegundua aibu huwa inapenda bandari, inamwambia mtu nenda, huko hawakujui. Sitaisikiliza. Nitaezeka upya paa la upande wa mvua kabla harusi haijafika. Nitakaa hapa Narung'ombe mpaka mwanao azae na watoto wake wanizoee, wanione wa kawaida, mzee anayepasua kuni. Nimemwandikia Enosi pia. Nimemwambia kwamba Somoe amefariki, na kwamba mwakani wakitandika meza, amwombe mama yake akutaje.

Nipe radhi, dada yangu. Uliposema nipo kazini ulinisitiri mbele ya watu, ukiwa huna pumzi, na stara hiyo sikuistahili. Ndugu ni kusitiriana, ndivyo ulivyokuwa ukisema, lakini mimi sijawahi kukusitiri kwa lolote. Mungu akukunjulie mahali pako, akupe kivuli na maji. Naishia hapa, Hadija ananiita nimsaidie kutwanga, na sitaki aite mara mbili.

Mdogo wako,
Saidi